Usinionyeshe uangavu wa maji, nionyeshe vipimo

Juzi nimeletewa tena chupa ya maji ya tangi la samaki, na kabla sijafungua kifuniko mwenye tangi akaniambia: "Fundi, tatizo si maji. Ona yalivyo maangavu." Samaki tisa walikuwa wamekufa usiku mmoja, tetra na gapi, kwenye tangi la mchanganyiko ambalo lilikuwa halina tatizo kwa miaka miwili.

Nilichukua mililita 5 nikadondosha dawa ya kupimia amonia, sumu itokanayo na taka za samaki. Njano ikageuka kijani mbele ya macho yake. Amonia haina rangi. Nitriti haina rangi. Klorini nayo huioni. Maji maangavu maana yake hakuna uchafu unaoelea, basi. Nimechoka kulirudia hili kwa sababu kila ninapolirudia kuna samaki wameshakufa.

Nikamuuliza alibadilisha maji lini. "Jana jioni, karibu yote. Kwa hiyo ni maji ya bomba yaliyowaua?" Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Bahati nzuri alikuwa amebakiza ndoo ya maji ya zamani ya kumwagilia maua. Tulipoyapima, pH (kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi) ilikuwa 6. Ya bomba, 8.

Bakteria wa kwenye filta, wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, huzalisha asidi wakifanya kazi. Asidi hiyo hula kaboneti ya maji, ile inayozuia pH isishuke, kidogo kidogo. Usipobadilisha maji kwa miezi, kaboneti huisha, pH huporomoka, na bakteria wenyewe huzorota. Amonia hujilimbikiza, ila kwenye pH ya chini karibu yote huwa amoniamu, ambayo haina makali. Samaki wanaogelea, mwenye tangi anaridhika. Kwenye pH 6 na nyuzi 25, amonia yenye sumu haifiki hata sehemu 1 kwa 1,000 ya jumla. Kwenye pH 8 ni karibu sehemu 5 kwa 100. Piga hesabu: hata ukitoa asilimia 80 ya maji ya zamani, ile asilimia 20 iliyobaki inaweza kuwa na sumu zaidi ya mara 15 ya ile ya jana. Na hapo sijagusa mshtuko wa pH yenyewe kuruka. Tangi la namna hii hurudishwa kwa kubadilisha asilimia 10 ya maji kila siku, huku unapima, mpaka pH ilingane na ya bomba.

Akaniambia pia ameshaisugua sponji ya filta chini ya bomba "ili kuua ugonjwa". Jamani! Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kukua, na maji yenye klorini yanaweza kuwaangamiza. Sponji iminye kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, uirudishe ikiwa bado ya kahawia.

Nitriti kwa ufupi: huifanya damu kuwa ya kahawia, samaki wakahemea juu ya maji ilhali hewa ipo. Chumvi kidogo husaidia, kwa kuwa kloridi huizuia nitriti kupenya kwenye matamvua. Ukikuta vifo, toa mizoga, acha kulisha, ongeza hewa, pima. Dawa za kuua vijidudu usitie kwa kubahatisha. Baadhi yake huua na bakteria wa filta.

Vipimo navyo vina mipaka. Matone haya husoma amonia yote kwa jumla, si ile yenye sumu peke yake, na kati ya miligramu 0 na 0.25 kwa lita macho yangu hubishana chini ya taa ya usiku. Na yupo samaki mmoja mmoja anayekufa vipimo vikiwa vizuri, nampasua, natazama matamvua kwa darubini, sioni kitu. Huyo namzika bila kumpa ugonjwa wa kubuni.

Tangi lile limebakiwa na kambale wanne. Leo asubuhi pH ni 7.8 na kijani kimefifia, ila bado kipo.