Kwa nini ultrasaundi moja isiyoonyesha mapigo ya moyo haitoshi kusema mimba imeharibika?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ultrasaundi hutoa jibu papo hapo. Mama mwenye mimba changa anatokwa damu, anapimwa. Mapigo ya moyo yakionekana mimba ipo, yasipoonekana imeharibika. Ndugu yangu wa karibu alipoambiwa "rudi baada ya wiki mbili", nilidhani daktari anamficha ukweli. Sivyo. Alikuwa amemweleza yote ambayo picha ile ingeweza kusema.

Kutokwa damu katika miezi mitatu ya kwanza huwapata takriban mjamzito mmoja kati ya wanne. Mlango wa kizazi ukiwa bado umefunga, husemwa mimba inatishia kutoka. Inatishia, maana haijatoka, na nyingi hazitoki.

Kosa langu lilianzia kwenye hesabu ya wiki. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siku ambayo mimba yenyewe haipo. Yai hupevuka kama wiki mbili baadaye, na kwa wengine huchelewa zaidi. Ni sawa na kuhesabu umri wa mche kuanzia siku shamba lilipolimwa, si siku mbegu ilipofukiwa. Mkulima aliyechelewa kupanda kwa siku kumi atakuta udongo mtupu wakati jirani yake anapalilia, na mbegu yake ni nzima kabisa.

Siku kumi katika hatua hii ni nyingi mno. Kwa kipimo kinachoingizwa ukeni, mfuko wa ujauzito huonekana karibu wiki ya tano, kifuko cha kiini (kinacholisha mimba mwanzoni, ndani ya mfuko huo) siku chache baadaye, na kiinitete, yaani mtoto katika hatua za mwanzo kabisa, chenye moyo unaopiga karibu wiki ya sita. Kiinitete hicho kina milimita chache tu na hukua kama milimita moja kwa siku. Mwanamke anayehesabiwa wiki sita huenda ana tano, na mfuko unaoonekana mtupu ukawa ndio unaostahili kuonekana.

Kutazama mara moja, basi, ni kama kuitupia jicho saa ya ukutani isiyo na mshale wa sekunde. Unaona saa nne na dakika kumi. Inatembea au imesimama? Huwezi kujua mpaka uitazame tena, na ukiitazama baada ya sekunde tano bado hujajua kitu. Ndiyo maana muda wa kusubiri haukuwekwa kiholela: kama mara ya kwanza ulionekana mfuko bila kifuko cha kiini, husubiriwa angalau siku 14, kama kifuko cha kiini kilikuwapo, angalau siku 11.

Kuna vipimo vinavyotosha kuamua bila kusubiri: kiinitete cha milimita 7 au zaidi kisicho na mapigo, au mfuko wenye wastani wa kipenyo cha milimita 25 au zaidi usio na kiinitete. Hata hivyo hospitali nyingi hupenda mtu wa pili athibitishe. Zamani viwango vilikuwa vya chini, milimita 5 au 6 kwa kiinitete na 16 hadi 20 kwa mfuko, kutegemea nchi. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba mfuko ambao mpimaji mmoja ameusoma milimita 20, mwingine anaweza kuusoma 17 au 24. Uingereza ilipandisha viwango mwaka huohuo, na mwaka 2013 wataalamu wa Marekani wakatangaza vyao. Jambo hili hunigusa sana: tofauti ya milimita chache ingeweza kumfanya mama asafishwe kizazi akiwa na mimba hai.

Mapigo yakionekana, mimba nyingi huendelea hata kama damu bado inatoka. Damu iliyoganda kando ya mfuko ni suala jingine. Tafiti zinapingana kuhusu uzito wake, hasa ikiwa ndogo.

Ila kusubiri huku kunamhusu mwenye mfuko unaoonekana ndani ya kizazi. Kizazi kikiwa kitupu na kipimo cha mimba kinasema ipo, huenda imetunga nje, kwenye mrija. Huyo hufuatiliwa kwa karibu, pamoja na vipimo vya homoni kwenye damu. Na yeyote mwenye maumivu makali ya tumbo au bega, kizunguzungu au damu nyingi hangoji tarehe aliyopewa. Aende hospitali saa hiyohiyo.