Eti dima ni dima tu

Mtu ananyoosha mkono na dima ya ukutani, ile ya kuzungusha, anasema: "Fundi, nifungie hii, taa za LED za bustani zipungue mwanga usiku." Ukimwambia haifai, anacheka: "Si dima ni dima tu?" Hapa Tanga nimelijibu swali hili mpaka koo limekauka. Leo naliandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Dima hiyo ina traiaki, swichi ya kielektroniki inayokata kipande cha kila nusu wimbi la volti 230. Ilitengenezwa kwa balbu za waya, ambazo hazina akili yoyote: ukizipa kidogo zinawaka kidogo. Pawa saplai ya LED ina akili. Kazi yake ni kuhakikisha stripu, yaani utepe wa taa, inapata volti zake zilezile, 12 au 24, hata umeme wa TANESCO ukiyumba, kwa hiyo wewe unapunguza huku na yenyewe inafidia kule. Mwisho inavuma kama nyuki, taa zinapepesa, ukifika katikati zinazima ghafla, na kapasita za ndani, zinazotunza chaji, zinakufa kabla ya siku zake. Zipo saplai zilizoandikwa kwamba zinakubali traiaki. Hata hizo, usiamini karatasi: zijaribu mezani na dima yenyewe utakayofunga, na mzigo wenyewe. Saplai nzuri na dima nzuri zinaweza kugombana zikikutana, na hakuna kitabu kitakachokuonya mapema.

"Basi nishushe volti upande wa DC, baada ya saplai." Nayo hapana. Stripu ya volti 12 ina chipu tatu zilizofuatana, kila moja inakula kama volti 3, na resista, inayozuia mkondo usizidi, inabeba volti tatu zilizobaki. Ukishusha hadi 10.5, resista inabaki na 1.5 na mkondo unaanguka karibu nusu. Ukifika 9, giza. Safari nzima ya mwanga imebanwa ndani ya volti 3, na stripu ndefu ikishakula yake njiani, mwanzo wa stripu unawaka na mwisho umelala.

Kinachotakiwa ni dima ya PWM, inayokaa kati ya saplai na stripu. Haipunguzi volti, inawasha na kuzima mara mamia au maelfu kwa sekunde, jicho linaona wastani. Kama bustani ni ya harusi, chagua ya hezi 1000, yaani mara 1000 kwa sekunde, kwenda juu, la sivyo mpiga video atarudi na picha zenye michirizi na lawama ni zako.

Hesabu ni fupi. Stripu ya wati 14.4 kwa mita, mita 10, ni wati 144. Saplai iwe ya 180, usiikamue. Kwa volti 12 hizo ni ampia 12. Kwa 24 ni ampia 6. Ukivuta kebo ya milimita mraba 2.5 umbali wa mita 20, kwenda na kurudi ni kama omu 0.3. Kwenye 12 unapoteza volti 3.6, karibu theluthi. Kwenye 24 unapoteza 1.8. Kwa hiyo nje ni volti 24, sibishani. Ampia zilizoandikwa kwenye kasha la dima ya bei rahisi, mimi huzikata nusu.

Sasa waya wa hasi. Hapa ndipo mafundi wazuri kabisa wanapoanguka. Dima nyingi za PWM hukata upande wa hasi. Chanya inapita moja kwa moja. Fundi aliyezoea nyutro ya nyumba anaona kanda tatu, njia, banda la makuti na miembe, anaokoa waya: hasi zote tatu anazirudisha kwa waya mmoja. Ameshaziunganisha dima zote migongo. Ukiwasha moja, kanda zote zinawaka, na mkondo wa zote unapita kwenye dima hiyo moja mpaka inanuka. Waya huo ukigusa hasi ya saplai, ndiyo basi: taa zinawaka kwa nguvu zote, dima inazungushwa bure, na mteja anaambiwa "dima ni feki". Kipimo chake ni chepesi. Zima dima zote. Taa ikibaki inawaka, hasi imetoroka mahali. Anza na taa za chuma, mara nyingi waya umegusa chuma cha taa. Kila kanda na hasi yake, mpaka kwenye dima yake.

Taa kubwa za kumulika eneo (floodlight) zenye draiva, yaani saplai yake, ndani, usizikatie kwa PWM hata kidogo. Tafuta zenye nyaya mbili nyembamba za amri, za volti 1 hadi 10. Nyaya hizo zikikatika, taa inawaka kikamilifu. Zikigusana, inashuka chini kabisa, lakini nyingi hazizimi, hubaki na kama asilimia 10. Swichi ya kuzimia bado unaihitaji. Na taa ikianza kufifia yenyewe baada ya mvua, usikimbilie draiva: fungua kiungio, maji ya chumvi yanavujisha mkondo wa amri.

Chumvi ya bahari huku Raskazone, Tanga, haina huruma. Dima nyingi ni IP20, maana yake za ndani. Ukiifungia kwenye boksi lisiloingiza maji, joto linakwama. Ukitoboa matundu, chumvi inaingia. Suluhisho safi sijalipata, kwa hiyo naiweka chini ya paa la nyumba na kutoa kebo tu nje, chanya na hasi ndani ya ganda moja ili isichafue redio. Glendi, zile za kubana kebo inapoingia kwenye boksi, zitazame chini. Na ile silikoni inayonuka siki, iacheni kwa masinki: asidi yake inakula shaba.

Wenye hoteli za ufukweni Ushongo, kumbukeni kasa. Watoto wao wakitoka mchangani hufuata mwanga, na kupunguza taa nyeupe hakutoshi. Wekeni za rangi ya kaharabu, zikingwe upande wa bahari, kisha ndiyo tuzungumze dima.