Uwindaji ukifungwa, pori halibaki tupu

Waendesha pikipiki wengi wa Lubumbashi huamini kwamba uwindaji ukishafungwa rasmi, njia za porini upande wa Kasenga hazina hatari. Si wazo la ovyo: sheria ya uwindaji ya 1982 inatambua vipindi vya kufungwa. Ila tarehe husimamisha vibali, haitegui mitego. Waya uliotegwa unaweza kukaa kando ya kinjia miezi mingi. Na kiangazi, njia zikikauka, mwindaji na mwendeshaji huingia miombo pamoja.

Tarehe za mwaka huu ziulize ofisi ya mazingira ya jimbo, kisha umwone chifu wa kijiji unachopita. Mimi huanza na wachoma makala. Wanalijua pori kuliko karatasi yoyote. Alfajiri na magharibi, usiingie.