Jibu la vinasaba huandikwa wapi? Kutoka kliniki ya selimundu, Mwanza

Hivi karibuni mama mmoja aliyevuka na meli kutoka Ukerewe alifungua mfuko wa nailoni mbele yangu, akatoa kadi ya kliniki iliyolowa pembeni, akaniuliza: "Daktari, kwa nini mwanangu achomwe tena, na hii ni mara ya tatu?" Kituo cha kwanza kiliandika tu kwamba chembe zake za damu zinajipinda, bila kueleza kama ni mgonjwa au ni mbebaji, yaani aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja tu. Cha pili kilifanya kipimo kamili, lakini karatasi ya majibu ilibaki ndani ya faili la hukohuko. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Mimi ni daktari wa watoto, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwahudumia wenye selimundu, au sikoseli kama wazazi wengi wanavyouita ugonjwa huu wa damu wa kurithi. Watu wakisikia habari za tiba inayofuata jenomu, yaani vinasaba vyote vya mtu, huwaza mitambo ya mabilioni, ilhali wodini kwetu tumekwisha kuzoea vipimo vya aina hiyo. Mashine ya GeneXpert husoma kipande cha vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu kwenye makohozi na, kwa takribani saa mbili, hutueleza kama bakteria hao ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Hicho ni kipimo cha jeni, ingawa sijasikia muuguzi akikiita hivyo. Tofauti ni kwamba vinasaba vya mgonjwa mwenyewe havibadiliki kama vimelea vyake. Kipimo cha malaria cha leo hakitanisaidia mwezi ujao, lakini jibu la selimundu, likishapatikana kwa njia ya kuaminika, ni la maisha yote, na tena si la mtoto peke yake bali ni la ukoo mzima.

Kosa linaloleta selimundu ni la herufi moja ya vinasaba. Katika jeni ya beta-globini, iliyo kwenye kromosomu ya 11, herufi A imekuwa T, na himoglobini inayotengenezwa, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, hushikamana pindi oksijeni inapopungua, chembe nyekundu ikajikunja kama mundu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa maeneo mbalimbali ya nchi hiyo na kukuta chembe hizi kwa wingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, lakini kwa nadra nyanda za juu. Baadaye, mwaka 1954, alionyesha kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa hiyo mbu wa ziwani ndio waliotuachia urithi huu.

Mtoto mchanga mwenye ugonjwa huonekana mzima, kwa kuwa himoglobini aliyotoka nayo tumboni bado inamlinda. Inapopungua, kwenye umri wa miezi sita hivi, ndipo vidole huanza kuvimba na mama kuambiwa kwamba mtoto amelaliwa vibaya. Tone la damu kutoka kisiginoni, likichukuliwa mapema, hutuwezesha kumwanzishia penisilini kabla maambukizi hayajamwahi. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni kwa ugonjwa huu, kwa bei inayozidi dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja nchini Marekani. Nilisoma habari hiyo kwa shauku, kisha nikarudi kuhesabu vidonge vya haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu.

Kazi ngumu zaidi ni mazungumzo. Huwa naeleza kwa doti ya khanga: kila mzazi ana vipande viwili, na humpa mtoto kimoja tu. Mzazi mbebaji ana kipande kizima na kilichochanika, naye kwa kawaida haumwi. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata vile viwili vilivyochanika, na hesabu huanza upya kila mara. Mtoto mmoja kuugua hakuwahakikishii watatu wanaofuata uzima. Miaka ya nyuma nilimpa mama jibu akiwa peke yake, nikamwacha akalifikishe nyumbani mwenyewe. Aliporudi, mama mkwe alikuwa amekwisha kutamka kwamba ugonjwa umetoka upande wa mke. Tangu hapo huwaomba waje wote wawili, na husema wazi kwamba kipande kimoja kimetoka kwa baba. Hata hivyo, kabla ya kumpima baba humwita kila mmoja faraghani, kwa sababu kipimo hiki huweza kufichua kwamba baba mzazi ni mwingine, jambo ambalo hakuna aliyekuja kuuliza, na siri hiyo si yangu kuitangaza.

Yule mama wa Ukerewe nilimwandikia kwenye jalada la kadi, kwa kalamu isiyofutika: aina ya himoglobini, njia ya kipimo, tarehe, na kwamba mtoto hakuwa ameongezewa damu katika miezi mitatu iliyotangulia, maana damu ya mwingine hupotosha jibu. Aliisoma polepole, kisha akaomba nimwandikie karatasi nyingine ya kumpelekea mdogo wake, ambaye alikuwa na ujauzito wa miezi minne.