Je, wajua kwa nini Windows hushindwa kujisasisha hata diski ikiwa na nafasi tele?

Kompyuta ina miaka saba au minane, inafanya kazi vizuri, na diski C ina GB 120 tupu. Kila ikijaribu kujisasisha inakwenda mpaka karibu na mwisho, inakwama, kisha inaandika namba moja: 0x80070643. Kesho yake inajaribu tena na kukwama palepale. Mawazo yanayokuja kwanza ni kwamba mashine imezeeka, diski imejaa, au virusi vimeingia. Yote matatu hayapo. Nafasi ni kweli imekosekana, ila si kwenye C.

Kisa kilichoifanya namba hii ijulikane kilianza tarehe 9 Januari 2024. Siku hiyo Microsoft walitoa sasisho KB5034441 kwa Windows 10, matoleo 21H2 na 22H2. Lilikusudiwa kuziba ufa uliosajiliwa kama CVE-2024-20666, ambao ulimruhusu mtu aliyeishika kompyuta mkononi kuukwepa ulinzi wa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski, kwa kupitia mazingira ya uokoaji, yaani ile skrini ya buluu yenye chaguo za kutengeneza Windows iliyogoma kuwaka. Sasisho liligoma kwenye kompyuta nyingi mno, hasa zile zilizokaa na Windows ileile kwa miaka.

Tuanze na namba yenyewe, maana ndiyo iliyowapoteza watu. Tarakimu 8007 zinasema tu kwamba ujumbe umetoka kwenye orodha ya kawaida ya makosa ya Windows. Zinazofuata, 0643, zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Ukizigeuza unapata 1603, na 1603 katika orodha hiyo ina maana ya "usakinishaji umeshindikana". Basi. Ni sawa na kumuuliza daktari mgonjwa ana nini, ukajibiwa kwamba anaumwa. Linganisha na 0x80070070: hiyo 70 ni 112, na 112 ni diski kukosa nafasi. Laiti namba hiyo ndiyo ingeonekana, mtu angalau angeuliza, "Diski ipi?" Microsoft wenyewe waliandika kwamba programu ilikosea kuchagua ujumbe: uliotakiwa kutokea ni wa nafasi kutotosha.

Kwa kuwa namba haielekezi popote, tiba zinazotumika huwa za magonjwa mengine. Kufuta picha na video kwenye C hakusaidii, kwa sababu C haijajaa. Kulisafisha folda la `C:\Windows\SoftwareDistribution\Download` hutibu sasisho lililoshuka vibaya; hapa lilishuka salama, na kuliondoa ni kulipakua upya na kula bando bure. Amri `sfc /scannow` na `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` ni nzuri sana kwa mafaili ya Windows yaliyoharibika, kwa mfano ukiona 0x80073712, lakini hapa hakuna faili lililoharibika. Kuhamishia kila kitu kwenye SSD mpya ya TB 1 kwa kunakili diski nzima kama ilivyo nako hakuondoi kosa, kwa kuwa kunanakili migawanyo ya diski ya zamani, yaani kuta zake, kwa vipimo vilevile. Nafasi mpya yote inabaki mwishoni na kosa linahama pamoja na data. Hata kupiga Windows upya, tiba ya haraka ya mafundi wengi, husaidia pale tu partisheni zote, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, zinapofutwa na kisakinishi kikaachwa kizigawe upya. Fundi akifomati C peke yake na kuziacha nyingine, huenda kosa likarudi, nawe umeshapoteza programu zako.

Kuta hizo ndizo kiini cha jambo. Chukua diski kuwa ni kiwanja kilichogawanywa kwa kuta. Karibu na lango kuna chumba kidogo cha kuwashia kompyuta. Katikati ni nyumba kubwa, C, wanamokaa Windows, programu na mafaili yako. Uani kuna banda dogo, na ndani yake anakaa mwokoaji: mazingira ya uokoaji, ambayo Windows huyaita WinRE.

Kwa nini hakupewa chumba ndani ya nyumba? Kwa sababu anahitajika siku ambayo nyumba haiingiliki. Kitasa kimegoma, au C imefungwa na BitLocker, au faili la kuwashia Windows limeharibika. Kama mwokoaji angelala sebuleni, naye angefungiwa humohumo. Akapewa banda lake na mlango wake. Gharama ya ujenzi huo ni kwamba ukubwa wa nyumba haumfai kitu: sebule ya kulaza wageni ishirini haiongezi hata shubiri moja kwenye banda la uani. GB 120 zilizo tupu upande huu wa ukuta ni sifuri upande wa pili.

Banda lilipimwa siku Windows iliposakinishwa. Windows 7 ilikata MB 100 tu kwa partisheni yake ya mfumo, Windows 8 ikakata MB 350, na visakinishi vya Windows 10 vikawa vinatenga karibu MB 500 kwa uokoaji. Zilitosha kwa wakati huo. Tangu hapo mwokoaji ameongezewa mizigo, banda likabaki lilelile. Umri wa kompyuta unaingia hapa tu: kilichozeeka ni kipimo cha ukuta, wala si prosesa.

Kwa nini asiongezewe kidogo tu? Kwa sababu mwokoaji ni faili moja lililobanwa, `winre.wim`, ambalo ndani yake mna Windows nzima ndogo. Haliwezi kurekebishwa mstari mmojammoja. Hufunguliwa, hubandikwa viraka, kisha huandikwa upya. Mfikirie mwenye duka anayehamisha daftari la madeni. Halichani la zamani mpaka ukurasa wa mwisho uwe umenakiliwa, kwa hiyo kuna saa meza lazima ibebe yote mawili. Meza inayotosha daftari moja haifai, hata kama ghala la nyuma ni tupu. Mfano huu una mpaka wake, kwani sehemu ya kazi hufanyika nje ya banda. Lakini sharti la Microsoft liko wazi: MB 250 tupu ndani ya partisheni ya uokoaji. Ni nafasi tupu hiyo, si ukubwa wa partisheni. Banda la MB 500 lenye MB 80 tupu halijafika.

Dawa ni kusogeza ukuta. Weka kwanza bakapu ya mafaili kwenye diski ya nje na uchomeke chaja. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika `manage-bde -status` uone kama BitLocker imewashwa. Ikiwa imewashwa, uwe na ufunguo wake wa uokoaji wenye tarakimu 48 pembeni. Katika dirisha hilohilo, andika:

`reagentc /info`

Hali ikiwa "Enabled", mstari unaofuata utaonyesha anwani yenye maneno kama `harddisk0\partition4`. Namba hizo mbili, ya diski na ya partisheni, ziandike kwenye karatasi. Kisha:

`reagentc /disable`

Amri hii humtoa mwokoaji bandani na kumweka ndani ya C. Hakikisha kwa `dir /a C:\Windows\System32\Recovery`. Kama `winre.wim` halionekani hapo, simama. Ukibomoa banda sasa utabomoa na aliyemo. Likionekana, endelea na diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski, ukiweka namba zako mwenyewe badala ya hizi za mfano:

`diskpart`
`list disk`
`select disk 0`
`list partition`
`select partition 3` (hii ni C)
`shrink desired=250 minimum=250`
`select partition 4` (hii ni ya uokoaji)
`delete partition override`

Kwenye `list disk`, nyota chini ya safu ya Gpt inamaanisha diski ni ya mtindo mpya. Kwa hiyo andika:

`create partition primary id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac`
`gpt attributes=0x8000000000000001`

Usiuruke mstari wa pili. Ndio unaoizuia partisheni kupewa herufi. Ukiusahau, unaweza kukuta diski mpya kwenye orodha, na Windows ikikusumbua kwamba inakaribia kujaa. Diski isiyo na nyota ni ya MBR, mtindo wa zamani, nayo inataka `create partition primary id=27` peke yake. Kwa zote mbili malizia:

`format quick fs=ntfs label="Windows RE tools"`
`exit`
`reagentc /enable`
`reagentc /info`

Ikisema "Enabled", tafuta masasisho upya.

Mahali panapokwama mara nyingi ni `shrink`. C inaweza kuwa na GB 120 tupu na bado ikakataa kutoa MB 250, kwa kuwa inakatwa kutoka mwisho wake tu, na mwishoni pengine kuna faili lisilosogezeka. Faili la kulaza kompyuta ni mshukiwa wa kwanza: `powercfg /h off` hulifuta, na `powercfg /h on` hulirudisha ukishamaliza. Faili la kumbukumbu ya ziada na nakala za kurejesha mfumo huweza kuzimwa kwa muda vilevile.

Hatari kubwa iko kwenye `delete`. Neno `override` huzima kinga zote, na diskpart haitakuuliza mara ya pili. Baadhi ya kompyuta zina partisheni nyingine ya uokoaji ya mtengenezaji, yenye GB kadhaa, inayobeba Windows ya kiwandani; hiyo siyo ya kufutwa. Kwenye diski za MBR zilizotoka Windows 7 hali ni ngumu zaidi: inawezekana WinRE imewekwa ndani ya partisheni iitwayo System Reserved, na humohumo ndimo kompyuta inamowakia. Ukiifuta hiyo, mashine haitawaka. Kama namba uliyopata kwa `reagentc` inaangukia hapo, usiifute. Punguza C na ujenge partisheni mpya mwishoni, mradi diski haijafikisha partisheni kuu nne, ambazo ndizo kikomo cha MBR.

Pia kuna Windows 10 zilizosakinishwa kabla ya toleo 2004, ambazo mara nyingi zina banda mbele, langoni, kabla ya C. Ukuta wa namna hiyo hausogei, kwani C hupunguzwa nyuma tu. Hapo tumia `shrink desired=1024`, jenga partisheni mpya nyuma ya C, na ile ya mbele uifute ili `reagentc` isirudi kuichagua. Zile MB 500 za mbele zitabaki bila kazi, nazo hazidhuru.

Si kila mtu analazimika kufanya haya. Microsoft walieleza kwamba kompyuta isiyo na partisheni ya uokoaji haihitaji sasisho la Januari 2024, na kosa linaweza kupuuzwa. Asiyetumia BitLocker naye hana kufuli ambalo ufa huo ungelikwepa. Huduma ya kawaida ya Windows 10 imekoma tarehe 14 Oktoba 2025, lakini banda finyu halikuisha nayo: Windows 11 iliyopandishwa juu ya Windows 10 inaweza kurithi kuta zilezile.

Namba hiyo ilirudi tena Aprili 2025 pamoja na sasisho KB5057589, safari hii kwa sababu nyingine kabisa. Sasisho hilo lilipowekwa wakati sasisho jingine likisubiri kompyuta izimwe na kuwashwa, Windows iliandika 0x80070643 kana kwamba limeshindwa, ilhali baada ya kuwashwa upya kwa kawaida lilikamilika. Ujumbe uliweza kubaki pale mpaka ukaguzi wa siku iliyofuata, ndipo ukafutika wenyewe. Kwa hiyo ukiiona namba hii, washa kompyuta upya na uiache siku nzima kabla ya kuifungua diskpart.