Kibaraza Kilichozibwa Vioo: Kuvu Inatoka Wapi?

Siku hizi watu wengi Unguja na Pemba wanaziba vibaraza vyao. Kilichokuwa wazi kinazungushwa alumini na vioo, yanaingia makochi, pengine na kabati la nguo. Vumbi na mvua vinabaki nje. Lakini masika yakikolea, malalamiko tunayoletewa ofisini ni yale yale: ukuta umeingia madoa meusi, mito inanuka, viatu vya ngozi vimeota kuvu. Mwenyewe keshasugua, keshapaka rangi upya, na madoa yamerudi.

Dawa za kuua kuvu zinauzwa, ila tunaomba msizikimbilie. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali na hakuna anayeweza kuzimaliza. Kinachowezekana ni kuzinyima maji, kwani kitu kilicholowa kikikauka ndani ya siku moja au mbili, kwa kawaida kuvu haiwahi kushika. Basi tafuta kwanza maji yanatoka wapi.

Kata kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa ukurasa wa daftari, ukibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasibaki upenyo. Kiache siku mbili. Matone yakionekana kwa ndani, baina ya nailoni na ukuta, ukuta wenyewe una maji. Yakiwa juu ya nailoni, maji yanatoka hewani.

Ukuta wenye maji ni jambo la kawaida kwenye nyumba za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe. Maji hupanda kutoka ardhini, na chokaa huyaachia yatoke taratibu. Ukiukandika saruji au ukaupaka rangi ya mafuta, umeyazibia njia; yatapanda juu zaidi na plasta itabambuka. Hapo hakuna rangi itakayosaidia. Bandua saruji, rudisha chokaa, na uangalie kama maji ya paa yanamwagikia msingini. Unga mweupe unaochanua ukutani usikutishe. Mara nyingi ni chumvi: ukiutonesha maji huyeyuka, kuvu haiyeyuki.

Maji ya hewani ndiyo yanayowashangaza watu, hasa wenye viyoyozi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo kwetu si ajabu, hutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 26 au chini ya hapo. Chumba cha kulala kikipozwa usiku kucha hadi nyuzi 20, ukuta na dirisha vinavyopakana na kibaraza navyo hupoa, na upande wa kibaraza hutoka jasho. Asubuhi watu hudhani paa linavuja! Pandisha kiyoyozi hadi nyuzi 25 au 26, na usiweke kochi wala pazia zito mbele ya ukuta huo.

Kwa maoni yetu, kibaraza cha visiwani hakifai kuzibwa chote. Acha matundu yenye wavu chini na juu, pande mbili zinazotazamana, ikiwezekana upande wa kusi na wa kaskazi, ili upepo upite. Ni kweli kwamba wakati wa masika hata hewa ya nje imejaa unyevu, kwa hiyo fungua zaidi mchana mvua ikikatika, na uwashe feni. Nguo mbichi zisianikwe humo, kwa sababu tenga moja la nguo hutoa maji ya lita nzima au zaidi. Makabati yawe na miguu, yakae mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja.

Madoa yaliyopo yaoshwe kwa maji na sabuni, ukiwa umevaa barakoa na glovu. Usiyapanguse yakiwa makavu, utayatawanya, na mwenye pumu asikae karibu. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kabisa na siki, amonia wala dawa ya chooni yenye asidi, kwani hutoa gesi ya sumu. Dari ya jipsamu iliyoingia kuvu ndani haisafishiki; ikatwe iwekwe nyingine.

Rangi ije mwisho. Usipake mvua ikishakatika tu. Subiri Julai au Agosti, kusi likiwa limeshaukausha ukuta, na urudie kwanza jaribio la nailoni.