Je, wajua kwa nini saratani ya shetani wa Tasmania huambukiza?

Saratani tunayoijua kwa binadamu haiambukizi: seli za mgonjwa huanza kuzaana bila kipimo, na mgonjwa anapofariki, seli hizo nazo hufa. Kwa shetani wa Tasmania mambo ni tofauti. Huyu ndiye mkubwa kuliko marsupialia wote wala nyama walio hai, yaani mamalia ambao, kama kangaruu, hulea watoto mfukoni. Porini amesalia zaidi katika kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia, na huko ndiko saratani ya uso inayohama kutoka mnyama mmoja hadi mwingine ilikogunduliwa mwaka 1996.

Njia yake ni meno. Mashetani hung'atana usoni wanapogombea mzoga na, hasa, wakati wa kujamiiana. Uvimbe huota mdomoni na mashavuni, hupasuka kwa urahisi, na seli zake zilizo hai huingia kwenye kidonda cha mnyama mwingine na kuendelea kukua humo. Watafiti waliohesabu makovu ya mashetani waligundua jambo la kushangaza: wanaong'atwa mara chache ndio waliougua zaidi. Inaelekea kwamba wengi huambukizwa kwa kuuma uvimbe wa wenzao, kwa hiyo wakali ndio hutangulia kufa, kwa kawaida ndani ya miezi kadhaa.

Uthibitisho kwamba kiambukizi ni seli yenyewe, wala si kirusi, ulitoka kwenye kromosomu, yaani nyuzi ndogo zinazobeba jeni ndani ya seli. Shetani mwenye afya ana kromosomu 14, lakini watafiti Anne-Maree Pearse na Kate Swift walionyesha mwaka 2006 kwamba seli za uvimbe zina 13, zikiwa zimevurugika kwa namna ileile kwa kila mgonjwa waliyempima. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa na hitilafu ya kuzaliwa katika kromosomu zake, lakini uvimbe wake haukuwa nayo; kwa hiyo haukutokana naye. Saratani hii ilianza kwa shetani mmoja jike, na seli zake zimeishi muda mrefu baada ya mwenyewe kufa.

Mbona basi mwili hauzikatai? Hapo awali ilidhaniwa kwamba mashetani wanafanana mno kijenetiki, kiasi kwamba kinga ya mwili haimtambui mgeni. Dhana hiyo ilidhoofika pale ngozi iliyopandikizwa kutoka shetani mmoja hadi mwingine ilipokataliwa na mwili. Mwaka 2013 jibu lenye nguvu zaidi lilipatikana: seli za uvimbe huzima jeni zinazotengeneza protini za utambulisho juu ya seli, na bila protini hizo askari wa kinga huzipita. Jeni hizo zimezimwa tu, hazijapotea, na ndiyo maana juhudi za kutafuta chanjo zina msingi. Mwaka 2014 saratani ya pili ya kuambukiza, iliyoanza kwa dume, iligunduliwa kusini-mashariki mwa kisiwa.

Shetani alitangazwa kuwa hatarini mwaka 2008, na katika baadhi ya maeneo zaidi ya asilimia 80 wametoweka. Wasioambukizwa wametengwa katika hifadhi na bustani za wanyama, na kuanzia 2012 wengine walipelekwa Kisiwa cha Maria, kilicho karibu na Tasmania. Walistawi huko, lakini pengwini wadogo waliokuwa wakizaliana kisiwani wakatoweka, hasara ambayo haifai kupuuzwa hata kidogo.

Porini nako wanyama wenyewe wanabadilika. Jike huzaa watoto 20 au zaidi, kila mmoja kama punje ya mchele, ilhali ana chuchu 4 tu. Hivyo wanaopona hawazidi wanne. Siku hizi majike wengi zaidi huzaa wakiwa na umri wa mwaka mmoja, kabla ugonjwa haujawafikia. Uchunguzi wa jeni uliotolewa 2016 ulionyesha mabadiliko ya haraka katika maeneo ya jeni yanayohusiana na kinga na saratani, na mashetani wachache wameonekana uvimbe wao ukinywea wenyewe. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanasayansi wanahofu kuwa kuwaachia porini wanyama waliofugwa, ambao hawajawahi kukutana na ugonjwa, kunaweza kufifisha ustahimilivu huo mchanga.